Kilo Ishirini na Tano: Ukubwa na Ufundi katika Ngumi za Uzito wa Juu



Usiku wa tarehe 21 Desemba 2024, mjini Riyadh, wanaume wawili walipanda ulingoni wakiwa wamepishana takriban kilo 25. Tyson Fury wa Uingereza, mwenye kimo cha mita 2.06, alikuwa na kilo 127 na ushei. Oleksandr Usyk wa Ukraine, mita 1.91, alikuwa na kilo 102 na nusu. Katika uzito mwingine wowote pambano la namna hiyo lingezuiwa mezani kabla halijatangazwa. Kilo 25 ndizo zinazomtenga bondia wa uzito wa fly na yule wa super middle, na kati yao wawili hao kuna madaraja kumi mazima. Ni katika uzito wa juu peke yake ambako mlango uko wazi kwa yeyote, hata awe mnene kiasi gani. Raundi 12 zilipokwisha, majaji wote watatu walikuwa wameandika 116 kwa 112. Mshindi alikuwa yule mdogo.

Mtu angedhani ubishi kati ya ukubwa na ufundi ungeishia hapo. Haukuisha. Wanaoshikilia kwamba mwenye nguvu mpishe wanao ushahidi wao: tangu Lennox Lewis, mwenye mita 1.96, mkanda umekaa muda mrefu zaidi viunoni mwa majitu. Ndugu wawili Klitschko, Vitali na Wladimir, walikaribia au kuvuka mita mbili, kisha akaja Fury. Wanaoshikilia ufundi nao wana Usyk, na nyuma yake wana Rocky Marciano, ambaye alistaafu na mapambano 49 bila kupoteza hata moja, ilhali hakufika mita 1.80 na alipigana akiwa na kilo themanini na kitu tu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msisubiri. Ukubwa hushinda pale mkubwa anapoachiwa vitu viwili: umbali na mapumziko. Vyote viwili hulindwa au hunyang'anywa kwa miguu. Kwa hiyo tunapobishana kuhusu mikono mirefu na kilo, aghalabu tunatazama sehemu ya mwili isiyohusika.

Kabla sijaendelea, niondoe mfano mmoja ambao najua kuna mtu ameshaushika mkononi anasubiri muda wa maswali. Mfano huo ni Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Kila baraza lina mzee anayesimulia kwamba Ali mdogo alimwangusha jitu. Haikuwa hivyo. Wawili wale walikuwa na kimo kinachokaribiana sana, karibu mita 1.91 kila mmoja, na uzito wao ulipishana kwa kilo chache. Foreman alionekana mkubwa kwa sababu ya alichomfanyia Joe Frazier karibu miaka miwili kabla, kule Kingston, Jamaika, alipomwangusha mara sita katika raundi mbili. Kinshasa inatufundisha mengi kuhusu pumzi na ubongo, lakini katika suala la leo si shahidi.

Kingston ndiyo shahidi. Frazier alikuwa na mita 1.82 hivi, na ufundi wake wote ulikuwa wa kuingia ndani: kuinama, kuyumbisha kichwa, kusonga mbele, kisha kuachia ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Kwa mtindo huohuo alimshinda Ali mwaka 1971 katika ukumbi wa Madison Square Garden. Foreman hakuhitaji kumkwepa. Alinyoosha mikono, akamsukuma mabegani kumrudisha kwenye umbali ambao ngumi zake za kutoka chini zingemkuta, akampiga. Frazier akaamka, akaingia tena kwa njia ileile. Ufundi ule ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na barabara moja, na jitu lilikuwa limesimama katikati yake.

Sasa tuutazame mwili wenyewe. Mtu akirefuka huku umbo lake likibaki vilevile, uzito wake huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kimo, ila eneo la mkato wa misuli inayoubeba uzito huo huongezeka kwa kipeo cha pili tu. Chukueni hesabu ya Riyadh. Fury amemzidi Usyk kimo kwa asilimia nane hivi. Kwa kanuni hiyo anatarajiwa kumzidi uzito kwa asilimia 25, na mkikokotoa mtaona jibu linaangukia karibu kabisa na kilo alizopima kweli. Lakini eneo la mkato wa misuli linatarajiwa kuongezeka kwa asilimia 16 tu. Pengo lile hulipwa kwa pumzi. Ndiyo maana bondia mkubwa hupenda pambano la mwendo wa pole, lenye kusimamasimama, na ndiyo maana mdogo asiyemsumbua huwa anamfanyia hisani.

Faida za mkubwa ni za kweli, na sitaki kuzipunguza. Jabu yake inafika wakati ya mwenzake ingali njiani. Anapopiga kuelekea chini, uzito wa mwili unashuka pamoja na ngumi. Mfupi anayepiga kuelekea juu hufungua kidevu chake kila anapojaribu. Shingo nene na kichwa kizito huyumba kidogo kwa ngumi ileile ambayo ingemzungusha mwenzake. Halafu kuna silaha ambayo picha za matangazo haziionyeshi: kulalia. Jitu linamkumbatia mdogo, linamwekea kifua mgongoni, linapumzika juu yake. Sekunde nne, tano, mwamuzi anakuja kuwatenganisha, mdogo ameinuka akiwa amebeba zaidi ya kilo mia moja zisizo zake. Likifanyika hilo mara nyingi kwa usiku mmoja, mapaja yake hayatamsikiliza tena raundi ya tisa. Wladimir Klitschko alimfanyia hivyo Alexander Povetkin mjini Moscow mwezi Oktoba 2013. Alimwangusha mara nne na majaji wote wakaandika 119 kwa 104, lakini pambano lile lilikuwa baya mno kutazama, na mwamuzi aliachia mambo ambayo kwa maoni yangu yalistahili adhabu mapema zaidi. Sheria inakataza kukumbatia. Waamuzi wengi huisoma sheria hiyo kwa jicho moja.

Kama ukubwa peke yake ungetosha, historia ingekuwa na sura nyingine. Jess Willard, mita 1.99 hivi, alimtoa Jack Johnson raundi ya 26 chini ya jua la Havana mwaka 1915, Johnson akiwa na umri wa miaka 37. Miaka minne baadaye, tarehe 4 Julai 1919, mjini Toledo, Willard alikutana na Jack Dempsey, ambaye yeye Willard alimzidi kwa kilo zipatazo 26. Dempsey alimwangusha mara saba katika raundi ya kwanza. Baada ya raundi ya tatu Willard hakuinuka kwenye kigoda chake. Primo Carnera wa Italia alichukua ubingwa mwaka 1933. Mwaka mmoja baadaye Max Baer alimgaragaza sakafuni tena na tena. Nikolai Valuev wa Urusi, mita 2.13, ndiye mrefu kuliko mabingwa wote waliowahi kutokea. Alipigwa kwa alama mara mbili, na Ruslan Chagaev mwaka 2007 na David Haye mwaka 2009. Haye alikuwa na kilo zisizofika mia. Valuev alikuwa na zaidi ya 140. Haye hakufanya mengi usiku ule pale Nuremberg: alizunguka, akapiga, akaondoka. Ngumi zake zilikuwa chache kiasi cha kuwachosha watazamaji. Lakini Valuev alilazimika kugeuka kila mara kabla ya kupiga, na kugeuza kilo 140 si kazi ya sekunde moja.

Jina linaloeleza jambo hili kuliko yote hayo ni Wladimir Klitschko, kwa sababu alikuwa mabondia wawili katika mwili mmoja. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996 mjini Atlanta, ana mita 1.98, ana mkono wa kulia wa kutisha. Pamoja na hayo alimalizwa mara tatu: na Ross Puritty mwaka 1998 baada ya kuishiwa pumzi nyumbani kwao Kyiv, na Corrie Sanders mwaka 2003 katika raundi mbili, na Lamon Brewster mwaka 2004. Hakuna aliyekuwa mrefu kuliko yeye. Wengi walimwona amekwisha. Kisha ikafuata miaka zaidi ya kumi na moja bila kupoteza pambano, hadi Novemba 2015.

Kimo hakikubadilika. Kilichobadilika kilikuwa kazi ya Emanuel Steward, mwalimu wa Detroit. Steward alimfundisha kukaa nyuma ya mkono wa kushoto, kurudi hatua nusu badala ya kubaki kwenye purukushani, na kumkumbatia mpinzani kila umbali ulipovunjika. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa kona ya Oliver McCall mwaka 1994 McCall alipomlaza Lennox Lewis pale Wembley. Lewis, kwa busara ambayo mabondia wengi hawana, alikwenda kumchukua mwalimu aliyempangia kipigo. Tunapotaja zama za majitu, basi, tukumbuke kwamba majitu mawili makubwa ya zama hizo yalinolewa na mwalimu mmoja, na kwamba somo lao kuu lilikuwa wapi pa kuweka mguu. Wanaosema kwamba ukubwa ulishinda ufundi kuanzia miaka ya tisini wanasahau kwamba ufundi ulihamia kwa wakubwa.

Hapo ndipo mzigo wa bondia mdogo unapokuwa mzito kwelikweli. Akikutana na mkubwa asiyejua kitu, ufundi wa kawaida unatosha. Akikutana na mkubwa fundi, anahitaji ufundi wa ziada na hana ruhusa ya usiku mbaya. Mike Tyson, mita 1.78, alipofika Tokyo Februari 1990 akiwa hajajiandaa, James Douglas aliyemzidi urefu wa mikono kwa kama sentimita 30 alimweka mwisho wa jabu yake na kummaliza raundi ya kumi. Tyson wa miaka minne kabla yake, aliyekuwa akiingia kwa pembe huku kichwa kikihama baada ya kila ngumi, angempa Douglas shida nyingine kabisa. Mkubwa huweza kushinda akiwa kwenye siku ya wastani. Mdogo hana anasa hiyo.

Tumtazame Usyk kwa karibu, kuanzia kiunoni kwenda chini. Anatumia shoto, kwa hiyo mguu wake wa kulia ndio ulio mbele, ukitazamana na mguu wa kushoto wa mpinzani. Kila anapotaka kupiga anauweka mguu ule nje ya mguu wa mwenzake. Ni suala la sentimita chache, lakini papo hapo ngumi yake ya kushoto inakielekea kidevu moja kwa moja, na ngumi ya kulia ya mpinzani inabaki ikitazama hewa. Wakati huohuo mkono wake wa kulia unagusagusa glavu ya mbele ya mpinzani kama mtu apigaye hodi, mara anagusa tu, mara anapiga, hata mwenye nyumba anachoka kuitika. Mpinzani akipiga, Usyk hakimbilii nyuma ambako mkono mrefu ungemfuata, anazunguka pembeni. Mkubwa analazimika kugeuka. Akishageuka, Usyk ameshapiga ngumi mbili na kuhama tena. Hana nguvu za kumlaza mtu mara moja kama Foreman. Anachofanya ni kumnyima mapumziko.

Katika pambano la kwanza kati ya Usyk na Fury, tarehe 18 Mei 2024, Fury alikuwa na raundi nzuri katikati, akimpiga tumboni kwa ngumi za kutoka chini. Raundi ya tisa ikafika, mkono wa kushoto wa Usyk ukamkuta, na mtu wa mita 2.06 akapepesuka kutoka kamba hadi kamba mpaka mwamuzi akaanza kuhesabu. Kengele ikamwokoa. Majaji wawili walimpa Usyk, mmoja akampa Fury. Ukiiondoa alama ya ziada iliyotokana na kuhesabiwa kule, pambano lingetoka sare. Nalisema hili kwa faida ya wanaodhani ufundi hushinda kirahisi: bondia bora wa kizazi chake, katika usiku wake bora, alimshinda jitu fundi kwa nafasi ya unyoya.

Kanuni nazo zina mkono wake. Michezo ya Olimpiki iliongeza uzito wa juu zaidi mwaka 1984, wa zaidi ya kilo 91, na mwaka 2020 shirika la WBC lilianzisha uzito wa bridger wenye kikomo cha kilo 101.6, ili wa katikati wasilazimike kukutana na majitu. Sipendi sana uamuzi huo wa WBC, maana mikanda imeshazidi viuno. Kupunguzwa kwa mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, baada ya kifo cha bondia Duk Koo Kim mwaka 1982, kulikuwa uamuzi wa haki na sitaki urejeshwe nyuma. Hata hivyo, dakika tisa zilizofutwa ndizo dakika ambazo deni la kipeo cha tatu lingedaiwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Mafundi wawili wakiwa sawa, wekeni pesa zenu kwa mkubwa. Mkubwa asiyejua miguu akikutana na fundi, wekeni kwa fundi bila kusita. Kwa wale kati yenu wanaofundisha vijana, nawaomba: siku mkipata kijana wa mita mbili, msimfunge glavu mwezi wa kwanza. Mchoreeni mstari sakafuni kwa chaki na mumfundishe kutembea.