MWENDELEZO WA GEMU: UMEONGEZA NINI, UMEONDOA NINI?

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika shuleni, Lupepo. Tunaichapa kama alivyoisoma, ila mahali pawili ambapo kicheko kilizidi na maneno hayakusikika.)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa heshima hii. Katika mikutano iliyopita mmezoea kusikiliza wenzetu wenye mambo mazito, kama vile kilimo, afya na mikopo. Leo mmeletewa fundi wa kompyuta kutoka Mbeya anayetaka kusema juu ya gemu za video. Naona wazee wa safu ya mbele wamekwisha kukunja uso. Nawaomba wanivumilie kidogo, kwa sababu swali lenyewe nililetewa nyumbani na mtoto, nami nilishindwa kulijibu siku ile.

Ninao vijana wawili nyumbani. Mmoja ni mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita. Wa pili ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, ana miaka 17, na amekuwa akikaa kwangu tangu tulipomzika baba yake. Huyu wa pili hakuwa na maneno. Ukimsalimu ataitikia, ukimtuma atakwenda, lakini zaidi ya hapo ni kimya. Mke wangu alijaribu, mchungaji alijaribu, na mimi nilijaribu, bila mafanikio.

Sasa mle ndani kuna mtambo wa zamani wa gemu, Xbox ya kwanza kabisa, niliopewa na mteja badala ya fedha za ufundi. Ulikuwa na diski moja, gemu iitwayo Halo. Jioni moja mvua ya Tukuyu inanyesha kama kawaida yake, nikasikia kutoka sebuleni sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi: "Nifunike upande wa kushoto! Nifunike, nakufa!" Alikuwa ni yule bwana mkimya. Wamekaa mkekani yeye na binamu yake, kila mmoja na padi yake, wanapigana na majini ya angani. Toka siku hiyo akaanza kuzungumza. Kwanza juu ya gemu tu, halafu juu ya shule, na baadaye, kidogo kidogo, juu ya baba yake.

Kisha mpwa wangu akanijia na ombi. "Mjomba, hii ni ya mwaka 2001. Wenzetu wameshafika mbali. Tununulie mwendelezo, hasa ule wa tano." Bei ya gemu mpya ya namna hiyo huko Marekani kwa miaka mingi ilikuwa dola 60, na huo wa tano haukubali mtambo wetu; unataka Xbox nyingine kabisa. Mkulima wa Rungwe akizipiga hesabu hizo kwa kilo za majani mabichi ya chai atakaa chini kwanza. Hivyo ilinibidi niulize kwa dhati: mwendelezo wa gemu unafaa au haufai? Na mtu ataujuaje kabla hajatoa fedha yake?

Kwa faida ya wale wasioijua, nieleze kwa kifupi. Halo ni gemu ya kubuni, hadithi ya sayansi ya karne zijazo. Mchezaji ni askari mwenye deraya, anaona kwa macho ya askari huyo na bunduki yake mbele, na anapambana na viumbe kutoka sayari nyingine juu ya dunia iliyoumbwa kama pete, inayoelea angani. Iliundwa na kampuni ya Bungie ya Marekani. Gemu hizi zina alama ya umri, na hiyo ya kwanza ni ya miaka 17 kwenda juu. Ninyi wa kidato cha kwanza mnaotabasamu pale nyuma, nimewaona.

Ndugu zangu, nilipoanza kuchunguza niligundua kwamba wanaosifu gemu mpya huuliza swali moja tu: imeongeza nini? Silaha ngapi, maadui wangapi, picha zinang'aa kiasi gani. Hilo ndilo swali la muuzaji. Mnunuzi ana swali lake la pili, nalo ni hili: imeondoa nini?

Nitoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Doom. Gemu hii ilitolewa na kampuni ya id Software mwezi Desemba 1993, na sehemu yake ya kwanza iligawiwa bure, watu wakanakiliana. Mwaka uliofuata, 1994, ikaja Doom II. Ukiitazama kwa juu utasema hawakufanya kazi: mtambo wa ndani ni ule ule, picha ni zile zile. Waliongeza bunduki ya mitutu miwili, majini kadhaa mapya na viwanja zaidi ya 30. Lakini haikumnyang'anya mchezaji kitu. Kompyuta iliyocheza ya kwanza ilicheza na ya pili, na aliyeijua ya kwanza aliingia ya pili bila mwalimu. Naihesabu kuwa mwendelezo halali: nyongeza ndogo, hasara hakuna.

Mfano wa pili ni Half-Life. Ya kwanza ilitoka mwaka 1998, ya pili mwezi Novemba 2004. Hapa nyongeza ilikuwa kubwa kweli kweli. Vitu vilikuwa na uzito: pipa likisukumwa linabingirika, ubao ukipigwa unavunjika, na mchezaji alipewa silaha ya kunyanyua vitu vilivyolala chini na kuvirusha. Wengi wanaihesabu miongoni mwa gemu bora zilizopata kutengenezwa, na mimi siwapingi. Lakini ilikuwa na sharti. Hata kama umenunua diski dukani na unayo mkononi, ilikubidi uunganishe kompyuta na intaneti ili gemu ithibitishwe ndipo ifunguke. Sasa nanyi kumbukeni Tukuyu ya mwaka 2004. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi nchini kwetu mwezi Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya pole pole. Basi mwana Lupepo aliyejinyima akainunua gemu ile bora angekuwa na sahani nzuri ya plastiki ya kuning'iniza shambani kufukuza ndege. Waliotengeneza hawakuwa na nia mbaya nasi. Hatukuwa katika hesabu yao tu.

Mfano wa tatu ni Halo yenyewe, na hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo iliyokuwa mezani kwangu.

Halo 2 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004, na kwa siku ya kwanza peke yake iliuzwa kwa dola milioni 125 huko Marekani na Kanada. Iliongeza mambo mawili makubwa. La kwanza, unaweza kushika bunduki mbili, moja kila mkono. La pili, kucheza na watu wa mbali kupitia intaneti, na hilo ndilo lililopigiwa tarumbeta kuliko yote. Katika hadithi walifanya jambo la ujasiri: sehemu ya mchezo unamchezea mpiganaji wa upande wa adui, ukaona vita kwa macho yake. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jema, maana linamfundisha kijana kwamba hata adui ana hadithi yake.

Ila mwisho wake! Hadithi inakatika pale pale inapopamba moto. Waundaji wenyewe walikiri baadaye kwamba muda uliwaishia. Kwetu jambo hili si geni. Wengi wenu mnakumbuka enzi za sinema zetu za Bongo, hadithi moja inapasuliwa katikati, sehemu ya kwanza unalipia, na ukitaka kujua mwizi ni nani unalipia ya pili. Walioicheza Halo 2 walisubiri hadi Septemba 2007 ndipo Halo 3 ikamaliza maneno. Hiyo ni dosari, na nimeiandika kama dosari.

Lakini sikilizeni kilichotokea. Ile huduma ya intaneti, fahari ya Halo 2, ilifungwa kwa mtambo ule wa kwanza mwezi Aprili 2010. Imekwisha. Kilichobaki ni kile kitu cha kale kilichorithiwa kutoka gemu ya kwanza: kioo cha televisheni kugawanywa mara mbili, watu wawili wakakaa mkeka mmoja, mmoja akawa mlinzi wa mwenzake. Hicho hakihitaji ruhusa ya mtu wa mbali. Ukiwa na umeme, kinafanya kazi hadi leo.

Tukafika sasa kwenye ile ya tano, iliyotolewa mwezi Oktoba 2015, ikiwa mikononi mwa kampuni nyingine, 343 Industries. Picha zake ni safi, mwendo wake ni laini. Ili kuupata ulaini huo, waundaji waliondoa kioo cha kugawanya. Wakitaka kucheza wawili, kila mtu awe na mtambo wake, televisheni yake, na intaneti yake. Watu walilalamika sana hata mwaka 2017 mkuu wa kampuni hiyo akaahidi kwamba gemu zijazo za aina hiyo zitakuwa nacho tena. Ikaja Halo Infinite mwezi Desemba 2021. Katika mashindano kioo kilirudi, lakini kwa upande wa hadithi, mwezi Septemba 2022 walitangaza kwamba mpango huo wameufuta.

Ndugu Mwenyekiti, nilipofika hapo jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Kama ningejikakamua nikanunua ile ya tano na mtambo wake, mpwa wangu angepata picha nzuri kuliko zote. Na yule mwingine angerudi kukaa nyuma, anatazama mgongo wa binamu yake, kimya. Hicho ndicho ambacho kingeondolewa sebuleni kwangu, na hakuna gazeti la gemu ambalo lingekiandika katika orodha.

Nilimwita mpwa wangu nikamweleza. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mjomba, hilo sikuliangalia." Tukatafuta Halo 2 iliyotumika, tukaipata kwa fedha ndogo, ikakubaliwa na mtambo wetu mkongwe. Walipofika mwisho na hadithi ikakatika, walipiga kelele kwa hasira wote wawili kwa pamoja, nami nilizifurahia kelele hizo.

Sisemi kwamba ile ya tano ni gemu mbaya. Mtu anayeishi peke yake mjini, mwenye intaneti nzuri na marafiki waliotawanyika, kwake huenda inafaa sana. Nasema kwamba ubora wa mwendelezo haukai ndani ya diski peke yake. Unakaa pia katika chumba utakamochezwa. Yeyote akikuambia "hii ni bora kuliko ya kwanza," muulize: bora kwa nani, na nani ameachwa nje ya mlango?

Neno kwenu wanafunzi. Msidhani gemu hizi ni mambo ya Marekani tu. Mwaka 2015 huko Kenya, Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ya kupiga risasi ambayo viumbe wa angani wanaivamia Nairobi. Haikuwa na fedha za Halo, na yeyote atakayeziweka ubavu kwa ubavu ataona tofauti. Lakini ilivunja mwiko kwamba majini ya angani hushuka New York tu. Kama siku moja mmoja wenu ataunda gemu ambayo chombo cha angani kinatua juu ya Mlima Rungwe, nami nitakuwa mzee wa safu ya mbele, nitainunua. Na utakapoandaa sehemu ya pili, kabla hujaongeza bunduki, wakumbuke wale wawili walioketi mkeka mmoja na televisheni moja.

Na kwetu sisi wakubwa, swali hili halikomei kwenye gemu. Mtu anayeng'oa mibuni na migomba apande parachichi huhesabu kilichoongezeka. Na ahesabu pia kivuli kilichoondoka, na ndizi za watoto. Sisi wenyewe tunaokutana hapa kila mwaka kupanga shule iwe ya kisasa zaidi, tukipendekeza jambo jipya, tuulize linaondoa nini, na kwa mtoto yupi. Sisemi tukatae jambo jipya, la hasha. Ningekuwa nakataa mapya nisingekuwa fundi wa kompyuta. Nasema tuhesabu pande zote mbili za daftari.

Mwisho, nimeambiwa nisisahau kutoa salamu. Wale vijana wawili wamekuja nami, wapo pale chini ya mti. Yule aliyekuwa hana maneno amenisahihisha hotuba hii usiku wa jana mara nne, akidai kwamba sikuieleza vizuri ile bunduki ya mitutu miwili. Dosari zilizobaki ni zangu.