Dakika Moja ya Kimya

Wasikilizaji, habari za Siku ya Mashujaa mmeshazisikia, na wenye televisheni mmeziona. Mkuki na ngao vimewekwa, sime imewekwa, mashada yamewekwa, tarumbeta zimelia, viongozi wa dini wameomba dua, kila mmoja kwa imani yake. Hayo hatuyarudii. Redio hii ina neno juu ya jambo moja linalopita haraka katikati ya hotuba za mikoani na wilayani, kila mwaka, bila mtu kulishika: kwamba wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera waendelee kujitolea.

Waendelee mpaka lini?

Mzee huyo unamjua. Kila kijiji kinaye, na mitaa mingi ya mjini inaye. Siku ya msaragambo ndiye anayefika kabla ya mwenyekiti. Kwenye kamati ya maji ndiye anayejua bomba limepita wapi na nani ana ufunguo wa pampu. Ukitokea msiba, vijana wanafika makaburini wanamkuta ameshavua shati, sepetu mkononi. Vijana wa mgambo wakifundishwa gwaride alfajiri, mwalimu wa wilaya akichelewa, ni yeye anayewapanga mistari, kwa sauti ambayo umri haujaipunguza. Watoto wanamwita Afande. Shikamoo Afande, wanakimbia.

Mwaka 1978 alikuwa kijana. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam, pale Diamond Jubilee, kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Hata aliyezaliwa juzi anayajua maneno hayo. Uwezo wenyewe, wasikilizaji, ulikuwa ni huyu mzee. Jeshi la Wananchi peke yake halikutosha. Wakaitwa polisi, wakaitwa askari magereza, wakaitwa vijana wa JKT, wakaitwa wanamgambo kutoka vijijini, watu ambao msimu uliotangulia walikuwa wameshika jembe. Malori na mabasi yakachukuliwa, wafugaji wakatoa ng'ombe, kina mama wakapika na kubeba.

Januari 1979 wakaingia Mutukula. Februari wakawa Masaka. Machi ikawa Lukaya, kwenye ile barabara inayokatiza vinamasi, ambako walikutana na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, na wengi wetu tunadhani vita viliishia hapo. Havikuishia hapo. Waliendelea kaskazini mpaka Juni, mpaka mpaka wa Sudan, na sehemu kubwa ya njia hiyo waliitembea kwa miguu. Hebu fungua ramani uipime kwa kidole.

Wakarudi. Mwalimu alikuwa ameomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikaisha, mkanda haukufunguka. Mwanajeshi wa kuajiriwa alibaki kikosini na baadaye akastaafu na pensheni yake, haba kiasi gani tusiulizane leo. Baadhi ya wanamgambo walichukuliwa jeshini. Wengine walirudisha bunduki, wakapanda gari, wakashushwa kwenye njia panda ya kijiji chao, jembe likiwa pale walipoliacha.

Hapo ndipo kujitolea kwao kulipoanzia, na hapo ndipo redio hii inapokwama kila mwaka. Maana tangu siku ile hakuna aliyemwambia mzee huyu kwamba vita vimekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wizi wa ng'ombe ulipozidi kule Usukumani na Unyamwezini, na bunduki zilizozagaa baada ya vita zikiwa sehemu ya balaa lenyewe, vijiji vilihitaji mtu wa doria asiyeshtuka kwa mlio wa risasi. Wakamfuata. Sekondari za kata zilipoanza kujengwa kila kona baada ya mwaka 2006, kijiji kilihitaji mtu wa kusimamia tofali na saruji asiyeiba. Wakamfuata. Leo mtaro umeziba, wanamfuata. Na kila tarehe 25 Julai tunamwambia aendelee, kisha tunasimama dakika moja ya kimya.

Dakika moja.

Waliokufa wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, na jeshi linayatunza. Hilo tunalisifu bila kigugumizi. Swali letu ni la walio hai. Mwaka 2024 tulimzika Jenerali David Musuguri, mmoja wa makamanda wa vita hivyo, Jenerali Mutukula mwenyewe, akiwa na miaka 104. Taifa lilimwaga heshima, na alizistahili zote. Aliyetembea nyuma yake akiwa amebeba sanduku la risasi anazikwa na kikundi cha kufa na kuzikana, ambacho mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa mtunza hazina wake. Sanda inanunuliwa kwa mchango aliouhesabu kwa mkono wake.

Kabla ya kufa anaumwa, kama wazee wote. Goti, mgongo, presha, macho. Anakwenda zahanati, ileile aliyosomba mchanga wake. Sera ya wazee ya mwaka 2003 ipo, dirisha la wazee lipo, bango la kumpisha mzee lipo ukutani. Anapishwa, anafika dirishani, anaambiwa dawa hii leo hatuna, ukanunue. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ipo tangu mwaka 2023, na tunaomba imfikie akiwa bado anapumua. Akijaribu kueleza kwamba alipigana, anaulizwa karatasi. Namba ya jeshi? Barua ya kuachishwa? Mwanamgambo aliyeitwa kwa filimbi ataitoa wapi barua? Mwaka 1978 hakuna aliyemdai karatasi.

Kuna msikilizaji anayetuandikia kila tukisema haya. Anasema mzee mwenyewe anapenda, mwache. Kweli anapenda. Mpe posho ya kikao atakuuliza ni ya nini. Mwambie apumzike atanuna wiki nzima. Tumewaona, tumeishi nao, wengine ni baba zetu. Ila kutodai kwake si risiti ya malipo. Tumegeuza uungwana wa watu hawa kuwa bajeti: ulinzi wa bure, usimamizi wa bure, ualimu wa bure, uzikaji wa bure. Kisha dakika moja.

Na inatuchosha, tunakiri, kulisema hili kila Julai huku tukijua Agosti litakuwa limesahaulika. Basi mwaka huu hatuombi mnara mwingine. Hatuombi tamasha. Hatuombi kamati, tafadhali, hatuombi kamati.

Mtendaji wa kijiji, wewe unayetusikiliza sasa hivi, chukua daftari. Huhitaji waraka kutoka Dodoma ili uandike majina ya wazee wako. Andika jina, andika kikosi anachokikumbuka, andika aliitwa wapi na alirudi lini, andika nani wa kumshuhudia. Usisahau wajane. Usisahau wanawake waliovaa sare, maana wao tunawasahau mara mbili. Mashahidi wanaondoka: aliyekuwa na miaka 25 wakati Amin anavuka mpaka amevuka 70, na wenzake wa kumthibitishia wanapungua kila masika. Mheshimiwa diwani, daftari hilo lipeleke wilayani wewe mwenyewe, na usirudi mpaka ulione limepigwa muhuri. Mganga mfawidhi, ukishapata majina hayo, yabandike ndani ya duka la dawa, sio nje. Mheshimiwa mbunge, bungeni unasimama kwa mengi, simama kwa hili, uulize mwanamgambo wa Kagera anatambulikaje kisheria, na usikae mpaka ujibiwe.

Na nyinyi vijana mnaorekodi kila harusi na kila ajali, nendeni mkakae na Afande mumrekodi anavyoieleza Lukaya. Mumuulize njia. Mumuulize nani hakurudi. Halafu keshokutwa mtaro ukiziba, wasikilizaji, asifuatwe yeye. Twendeni sisi. Tumchukulie sepetu mkononi, atanuna, anune. Nendeni Jumatatu. Msisubiri Julai nyingine.