Akiba ya Sandukuni na Akiba ya Mwambani
(Hotuba ya mwanakikundi siku ya sherehe ya miaka 10)



Nimepewa dakika tano niisemee bahari. Mie si mtaalamu, mie mchokoa pweza. Lakini miaka 10 hii nimeshika ufunguo mmoja wa sanduku letu, na nimejifunza kitu.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza nchini Tanzania. Ina kilomita za mraba 822. Manung'uniko yalikuwepo, na mengine yapo hadi leo. Tusifichane.

Lakini mtazameni pweza. Jike hutaga mara moja tu maishani. Akishataga hukaa shimoni kulinda mayai, hali kitu, na yakishaanguliwa hufa. Ukimchokoa kabla hajataga, umekula faida pamoja na mtaji. Mwamba ukifungwa miezi michache anapata nafasi, maana pweza hukua upesi. Kasa yeye ni akiba ya muda mrefu: anayeanguliwa leo pwani ya Juani huenda ipite miaka 20 na zaidi kabla hajaanza kutaga. Tukichimba mayai yake, wajukuu zetu watamjua kwa hadithi.

Sasa neno chungu. Tunawasema wanaume kwa baruti na juya. Na sisi je? Tunatanda dagaa kwa vyandarua, na humo wanatoka changu na tasi wachanga, wadogo kama kucha. Mwaka wa tatu wa kikundi, mimi mwenyewe nilikopa sandukuni nikanunua vyandarua vya kutandia. Mkopo niliurudisha. Samaki wale sikuwarudisha.

Naomba basi tuandike katika katiba yetu: fedha ya sanduku isinunue zana haramu. Najua kwa mjane asiye na chombo, chandarua ndicho mboga ya jioni. Kwa hiyo tusikataze tu. Yeye awe wa kwanza kupata mkopo wa mwani au wa biashara ndogo, tena bila riba. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumemfungia njaa.

Sanduku letu lina kufuli tatu na hakuna anayelalamika, kwa sababu tuliziweka wenyewe. Na mwamba tuufunge hivyo hivyo, kwa kupatana. Haba na haba hujaza kibaba.