Ndoo mbili katika kila parsele



Sisi tuliotoka Masisi na Walikale na leo tunapanga hapa Goma, kule nyumbani hatukujua kutupa maganda. Ya ndizi na ya mihogo yalienda kwa mbuzi ao yalirudi chini ya mgomba. Hapa familia tano ziko mu parsele moja, juu ya mawe ya volkano, kuchimba shimo ni shida. Basi kila kitu kinachanganywa mu mfuko mmoja, na usiku unatupwa mu mfereji. Mvua inapeleka ziwani. Chupa na sashe zinateremka Ziwa Kivu mpaka Ruzizi, zinaziba barage, kisha tunalalamika umeme umekatika.

Desemba 2017 serikali ilitia sahihi dekre ya kukataza sashe za plastiki. Dekre iko, na sashe ziko sokoni. Tutaendelea kudai itumike, na kila kartie ipate mahali pa kutupa.

Lakini kudai bila kuanza ni kelele tu. Wapangaji tukubaliane: ndoo moja ya maganda, tumpe jirani mwenye kufuga, ndoo ingine ya chupa na bidoni, tuwape wanaouza mafuta ya mawese, na plastiki isichomwe mu lupango, watoto wanavuta ule moshi. Mwenye nyumba naye alete hizo ndoo, maana kodi tunalipa kila mwezi.

Salongo ni ya barabara. Parsele ni yetu, tuanze leo jioni.