Dawati Moja, Imani Mbili

Leo tunazungumzia dini shuleni.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema nchi hii haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi.

Darasani inakuwa hivi: kipindi cha dini kikifika, walioketi dawati moja wanaachana kidogo. Huyu anakwenda kwa katekista, yule mwenye hijabu kwa ustadhi. Kengele ikilia wanarudi kwenye hesabu, kitabu kimoja katikati yao.

Tunajua gharama ya kukosa kuvumiliana. Februari 2013, huko Buseresere, mkoani Geita, mzozo kati ya Wakristo na Waislamu kuhusu nani achinje wanyama wa kitoweo uligharimu uhai wa mchungaji.

Mwalimu, usimlazimishe mtoto sala isiyo yake. Mzazi, ukiona analazimishwa, mwone mwalimu mkuu au kamati ya shule, mzungumze kwa utulivu. Serikali haina dini, wananchi wanazo. Shule ya umma ni ya watoto wote.