Amana ya Mtoto Mwenye Maji Kichwani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. 

Nimetakiwa katika siku hii ya Jumuiya yetu niseme maneno machache juu ya afya ya watoto. Nimechagua maradhi ya maji kujaa kichwani mwa mtoto mchanga, kwa kuwa nina deni juu yake.

Miaka 14 iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, aliletwa kwangu mtoto wa miezi mitatu. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kupita kiasi, mishipa imetokeza, utosi umefura, na macho yameelemea chini mfano wa jua linalokuchwa. Nikamsomea, kisha nikawaambia wazazi wake, "Subirini." Kumsomea hakukuwa kosa, kosa langu ni lile neno la pili. Walisubiri miezi minne. Walipomfikisha kwa waganga wa hospitali, alipasuliwa na akaokoka na kifo, lakini nuru ya macho ilikuwa imekwisha potea. Leo ni kijana, amehifadhi juzuu kadhaa kwa kusikiliza tu. Na kila nimsikiapo akisoma, nafsi yangu hunisuta.

Ndugu zangu, ndani ya ubongo mna vyumba, na humo hutoka maji safi daima. Kwa mtu mzima hupata nusu lita kila siku. Maji hayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hurudi katika damu. Njia ikizibika, maji hujikusanya kama mfereji uliozibwa kwa takataka. Na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mchanga haijashikana, kichwa hutanuka, na ubongo hubanwa ndani yake.

Wako wazaliwao na maradhi haya, na wako wayapatao pamoja na mgongo wazi. Lakini hapa Uganda, uchunguzi wa Dakta Benjamin Warf uliofanywa Mbale na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu waliyapata baada ya maambukizo, na aghalabu katika mwezi wa kwanza wa maisha yao. Basi si jini, si kijicho cha jirani, wala si adhabu kwa mama. Yule bwana amwachaye mkewe kwa sababu ya mtoto wa namna hii amedhulumu watu wawili.

Wala maradhi haya si mageni kwa wanavyuoni wetu. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1013, aliyaeleza katika kitabu chake cha utabibu, *At-Tasrif*. Naye kwa uaminifu wake alikiri kwamba watoto wa namna hiyo aliowaona walikufa, na kwa hiyo hakupenda kuwapasua. Alijua mpaka wa elimu ya zama zake. Sisi mpaka wetu umesogezwa mbele. Mwaka 1956, huko Philadelphia, Marekani, fundi wa mitambo John Holter, ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa na maradhi haya, alitengeneza vali, yaani kilango kidogo kinachopitisha maji upande mmoja tu, akishirikiana na mpasuaji Eugene Spitz.

Kazi yenyewe ni hivi. Mpasuaji hutia mpira mwembamba katika chumba cha ubongo, akaunganisha na vali chini ya ngozi ya kichwa, kisha akaupitisha mpira chini ya ngozi ya shingo na kifua mpaka tumboni. Maji yaliyozidi hushuka huko, na mwili huyanywa. Huachwa urefu wa ziada ili mtoto akue nao. Iko na njia nyingine iliyoenezwa kutoka Mbale: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na kuchoma sehemu inayoyatoa, bila ya kuacha mpira mwilini. Jaribio la watoto 100 wa Uganda, lililochapishwa mwaka 2017, halikuona tofauti katika maendeleo ya akili baina ya njia hizi mbili baada ya mwaka mmoja. Kuchagua ni kazi ya tabibu. Kuwahi ni kazi yetu.

Wala asidhani mzazi kwamba akishatiwa mpira mambo yamekwisha. Mpira huweza kuziba, na huweza kuingia maambukizo, hata baada ya miaka. Mtoto akitapika mara kwa mara, akisinzia kusiko kwa kawaida, akiumwa na kichwa, akishikwa na homa, au utosi ukifura tena, apelekwe hospitali siku ile ile, asingojewe Ijumaa ipite.

Najua wako wasemao, "Hospitali ile ya Mbale ni ya Wakristo." Nawajibu: Mtume wetu alipohama Makka kwenda Madina, aliyemkodi amwonyeshe njia hakuwa Mwislamu, bali alikuwa mwaminifu na mjuzi wa njia. Na ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akategemea kwa Mola wake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kina mama, mkiona kichwa cha mtoto kinakua kwa haraka, mpelekeni kliniki akapimwe kwa utepe. Mashekhe wenzangu, someni dua, lakini dua ile isomwe mgonjwa akiwa njiani. Na Jumuiya itenge sanduku la nauli, kwani watoto wengi huchelewa kwa kukosa nauli ya basi. Mimi nimeanza kutia langu leo. Si sadaka, ni sehemu ya lile deni.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyachelewesha, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.