Barabara Huanza Katika Daftari

(Maneno ya mazungumzo kwa wakulima na wenyeji wa miji katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet)



Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutajwa sana dukani, lakini yahusu barabara vile vile. Watu wengi hudhani ya kuwa barabara huanza siku ile greda inapofika na kuanza kuparuza udongo. Sivyo. Barabara huanza katika daftari la makisio ya fedha, yapata mwaka mzima kabla ya greda kuonekana. Mtu asiyejua siku ya kuandikwa kwa daftari hilo hujikuta analalamika wakati fedha zimekwisha gawanywa. Mazungumzo haya yakusudia kueleza daftari hilo ni la nani, huandikwa lini, na mwananchi wa kawaida aweza kutia neno lake wapi.

JANI LA CHAI HALINA SUBIRA

Katika nchi nyingine barabara mbovu ni udhia. Katika nchi ya chai ni hasara ya siku ile ile. Majani mawili na chipukizi yakisha kuchumwa, yapasa kufika kiwandani kabla hayajaharibika. Yakirundikana katika lori lililokwama matopeni hupata joto na kugeuka rangi, na kiwanda huyakataa. Tena mvua ya Kericho si ya msimu mmoja tu. Hunyesha karibu kila mwezi, na huzidi katika Aprili na Mei. Basi lori likikwama kilimani, anayepata hasara ya kwanza si dereva wala karani wa makisio, bali ni mama aliyeamka alfajiri, akachuma mpaka saa sita, akabeba kikapu mpaka kituo cha kununulia chai.

Mjini nako kuna shida zake. Mtaro ukiziba, maji hupita mbele ya maduka na kuingia sokoni. Mahali pasipo njia ya waendao kwa miguu, watoto wa shule hutembea pamoja na pikipiki na malori. Kwa hiyo mkulima wa Konoin na mwenye duka wa Bomet wote wawili wanalitazama daftari moja, na mara nyingi kila mmoja hudhani ya kuwa mwenzake ndiye anayependelewa.

DAFTARI LA ZAMANI NA LA SASA

Kericho na Bomet zilikuwa wilaya moja. Chini ya sheria ya mwaka 1924 ziliundwa Baraza za Wenyeji, na D.C. ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mwaka 1950 ikaja sheria ya Halmashauri za Wilaya za Waafrika, nazo zikapewa kazi zaidi, lakini makisio yao hayakuwa na nguvu mpaka yakubaliwe na Serikali. Baada ya Uhuru, halmashauri za wilaya ziliendelea kushika shule za msingi, afya na barabara, mpaka sheria ya mwaka 1969 ilipozihamisha kazi hizo kwenda Serikali Kuu. Halmashauri zikabaki na jina kubwa na mfuko mdogo. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya kuzigawia sehemu tano kwa mia za kodi ya mapato, yaani shilingi 5 katika kila shilingi 100, na miaka michache baadaye zikatakiwa kuwauliza wenyeji wanataka kazi gani zitangulie.

Halmashauri hizo zilikwisha mwaka 2013, zilipoanza serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Tangu hapo makisio ya Kericho huandikwa Kericho, na ya Bomet huandikwa Bomet. Gavana na wasaidizi wake huyatayarisha, na Bunge la Kaunti huyachungua na kuyapitisha. Kericho ina wadi 30, Bomet ina wadi 25, na kila wadi ina mjumbe wake.

FEDHA NI KIASI GANI?

Katika mwaka wa hesabu wa 2021/22, kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 370 kutoka hazina ya taifa. Kericho na Bomet zilipata zaidi ya shilingi bilioni 6 kila moja, bila kuhesabu ada na kodi zinazokusanywa na kaunti zenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Kericho ina watu 901,777, na Bomet watu 875,689. Ukigawanya, utaona ya kuwa mgao huo haukupungua shilingi 6,600 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hata mtoto aliye mgongoni.

Fedha hizo huandikwa katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni matumizi ya kawaida: mishahara, dawa, mafuta ya magari, karatasi. Sehemu ya pili ni matumizi ya maendeleo: vitu vya kudumu kama barabara, mitaro, masoko, maji na majengo ya zahanati. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yasema ya kuwa, miaka michache ikichukuliwa pamoja, maendeleo yapate si chini ya shilingi 30 katika kila shilingi 100 za makisio. Kanuni za mwaka 2015 nazo zimeweka mpaka wa mishahara: isizidi shilingi 35 katika kila 100 za mapato ya kaunti.

Basi katika zile shilingi 6,600 za mtu mmoja, fungu la maendeleo ni kama shilingi 2,000. Nyumba yenye watu 6 ina shilingi 12,000 hivi katika daftari kila mwaka. Hakuna mzee awezaye kumpa fundi shilingi 12,000 pasipo kumwuliza anakwenda kujenga nini, kwa muda gani, na kwa mawe ya namna gani. Fedha zilizo katika daftari la kaunti zastahili maswali yale yale.

MIEZI YA DAFTARI

Mwaka wa hesabu huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Lakini kazi ya kuuandika huanza mapema sana, na sheria imeweka siku zake.

Si baadaye ya tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti. Hapa ndipo jina la barabara huingia kwa mara ya kwanza. Si baadaye ya tarehe 28 Februari, hupelekwa karatasi ya mwelekeo wa fedha, ionyeshayo kila idara itapewa kiasi gani. Si baadaye ya tarehe 30 Aprili, makisio yenyewe hufika Bungeni. Kabla ya tarehe 30 Juni yapasa kuwa yamepitishwa.

Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yakataza fedha za umma kugawiwa nje ya mipango iliyowekwa. Maana yake ni nyepesi kuelewa. Barabara isiyo katika mpango wa Septemba haina haki ya kudai fedha za Julai ifuatayo. Wako watu wanaokwenda kwa mjumbe wao mwezi wa Juni, wamevaa vizuri, wana maneno mazito, nao hurudi mikono mitupu. Si kwamba haja yao haikuwa ya kweli, bali walifika baada ya mlango kufungwa. Afadhali wazee wa kokwet wakutane mwezi wa Julai, wakubaliane ni daraja lipi au kilima kipi kitangulie, waandike barua moja, nao waipeleke katika ofisi ya wadi kabla ya mwezi wa Agosti kwisha.

Wala mwananchi asidhani ya kuwa anaomba fadhila. Katiba imeamuru wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 ya Kaunti ya Kiambu, kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo ilizionya kaunti zote.

BARABARA NI YA NANI?

Jambo moja hupoteza nguvu za wengi: kupeleka shauri mahali pasipo pake. Si kila barabara ni ya kaunti. Ile kuu itokayo Nakuru kupitia Kericho kwenda Kisumu ni ya Serikali ya Taifa, na yaangaliwa na halmashauri ya barabara kuu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mjumbe wa wadi hawezi kuitengeneza hata akitaka. Lakini vijia vya kuendea vituo vya chai na mitaa mingi ya miji ni ya kaunti. Swali la kwanza, basi, liwe hili: barabara hii imo katika orodha ya nani?

Miji nayo ina utaratibu wake. Sheria ya Miji ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019, yaruhusu makao makuu ya kaunti yawe manispaa yenye bodi yake. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kusaidia miji ya Kenya, na mpango huo ulihusu kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Fedha hizo zilikuwa na masharti: mji uwe na hati yake, na bodi yake iwe imewekwa. Hapo pia daftari lilitangulia, lami ikafuata.

MVUA HAISOMI MAKISIO

Hata fedha zikiisha kupitishwa, iko hatari nyingine. Kutangaza kazi na kumchagua mkandarasi huchukua miezi, nazo fedha za hazina ya taifa hufika kidogo kidogo. Miezi mikavu zaidi katika nchi ya chai ni Desemba, Januari na Februari. Kazi ikichelewa mpaka Aprili, changarawe humwagwa katika matope, na mvua ya Mei huichukua mpaka mtoni. Ifikapo Juni karatasi zitaonyesha ya kuwa barabara ilitengenezwa, na macho yataonyesha mashimo. Wote wawili, karatasi na macho, watakuwa wamesema kweli.

Kwa hiyo mwenye kutaka barabara ya changarawe na aulize mapema, yapata Oktoba: mkandarasi amekwisha patikana? Na aulize habari za maji. Barabara isiyo na mitaro wala makaravati, yaani mabomba makubwa ya saruji yapitayo chini yake, ni kazi ya miezi michache tu.

UTUNZAJI UMO KATIKA UPANDE WA PILI

Liko kosa ambalo wananchi na wajumbe hulifanya pamoja, nalo ni kufurahia kitu kipya na kusahau chakula chake. Taa za mtaani huwekwa kwa fedha za maendeleo, mara moja. Umeme wake hulipwa kila mwezi kwa fedha za matumizi ya kawaida. Mtaro huchimbwa mara moja. Kuuzibua ni kazi ya kila mvua. Daftari likionyesha nguzo 50 za taa upande mmoja, na upande wa pili hakuna nyongeza ya umeme wala ya fundi, mtu mwenye akili atajua ya kuwa giza litarudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huandikwa upya katika makisio, ukila fedha za wadi nyingine.

BAADA YA MAKISIO KUPITISHWA

Daftari laweza kubadilishwa katikati ya mwaka kwa makisio ya nyongeza. Sheria imeweka mipaka, lakini barabara iliyoandikwa Juni yaweza kuondolewa kwa njia hiyo pasipo mtu wa kijijini kujua. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimeonyesha mara kwa mara ya kuwa kaunti nyingi hutumia kwa maendeleo fedha chache kuliko zilizoandikwa. Ripoti hizo hutolewa kila miezi mitatu, nazo ni za kila mwananchi. Baada ya mwaka kwisha, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchungua kama kazi iliyolipiwa ilifanyika.

Katika kila kokwet na kila mtaa yuko kijana aliyemaliza shule. Na apewe kazi hii: asome ripoti hizo, atafute jina la wadi yake, aandike maneno manne katika karatasi moja: jina la kazi, fedha zilizoandikwa, fedha zilizolipwa, na hali ya kazi aliyoiona kwa macho. Karatasi hiyo isomwe mbele ya wazee na akina mama. Kama kazi imefanywa, waliofanya wapewe shukrani. Kama haikufanywa, mjumbe aulizwe kwa heshima, mbele ya watu, naye atajibu.

Fedha hazitatosha kamwe wadi zote katika mwaka mmoja, na anayesema zitatosha adanganya. Kilima kimoja kitatengenezwa na kingine kitangoja. Mwenye kungoja aweza kuvumilia, kama ameonyeshwa daftari na kuona zamu yake imeandikwa.

Tarehe 1 Septemba hurudi kila mwaka. Kokwet itakayokutana Julai itakuwa na barua yake mkononi.